Geti la Injinia

Kaka yangu wa Nkubu ana kahawa, ng'ombe wawili wa maziwa na kijana aliyemaliza Kidato cha Nne kwa alama ya D. Ng'ombe humlipa kila mwezi, kahawa humlipa ikitaka, kijana alikuwa bado. Ndipo ukoo ukaitwa Jumapili moja baada ya kanisa, tukaketi chini ya mparachichi kuamua mtoto asomee kazi gani na nani alipe.

Kijana mwenyewe alikuwa ameshaamua. "Nataka kuchomelea," akasema. Hakuna aliyempinga. Kutoka Maua hadi Embu hakuna boma jipya lisilotaka geti, wala dirisha lisilotaka grili. Kazi ipo. Ubishi ulikuwa wa bei.

Shemeji yangu mwalimu, mtu anayekuja na kalamu hata matangani, alipendekeza Meru National Polytechnic, ambayo sisi wa zamani bado tunaiita Meru Technical ingawa ilipandishwa hadhi mwaka 2016. Akatoa hesabu. Mwaka 2019 ada ya vyuo vya ufundi ilikuwa shilingi 56,420 kwa mwaka. Serikali ilitoa 30,000, na 26,420 zilizobaki mwanafunzi angeziombea mkopo kwa bodi ya HELB. Chini ya mfumo mpya wa 2023 hesabu ikawa 67,189: sehemu ufadhili, sehemu mkopo, sehemu ya mzazi kulingana na mfuko wake unavyopimwa.

"Na chumba cha kulala?" kaka akauliza.

"Hicho ni juu yako."

"Chakula?"

"Juu yako."

"Na nauli ya kwenda kuhakikisha kama kweli anasoma?"

Mwalimu akafunga kalamu. Babu, yaani baba yetu, akakumbusha politekniki za vijiji, zile ambazo makanisa yalizisukuma baada ya ripoti yao ya 1966 iliyouliza watoto wakitoka shule waende wapi. Siku hizi ziko chini ya kaunti, na ada yake haiumizi. Lakini iliyo karibu na nyumbani sifa yake ni useremala na ushonaji, na kijana hakutaka kuranda wala kutunga uzi. Alitaka moto.

"Basi aende kwa fundi," akasema Babu. "Fundi mzuri yuko wapi?"

"Embu," mtu akajibu.

"Na Embu tuna nani?"

Wote wakanigeukia.

Fundi nilimpata, mzee mpole mwenye kibanda cha mabati kando ya barabara. Alinitajia shilingi 30,000, nusu siku ya kwanza. Kisha akaendelea kutaja vitu kimoja kimoja, akijifanya kuvikumbuka papo hapo: ovaroli, buti, glavu, kinyago cha uso, chakula cha mchana, na mbuzi siku ya kuhitimu. Mbuzi nilimteremsha hadi kuku wawili. Risiti hakutoa, alinipa mkono. Babu alipopata habari kwa simu alisema nimshukuru Mungu, kwa maana wahunzi wa zamani walimrithisha mtoto wao wa kuzaa, na wa nje aliingia kwa mbuzi kadhaa tena akiogopa kulaaniwa.

Miezi ya kwanza kijana hakuchomelea kitu. Alipiga msasa. Alishika bomba fundi akikata. Alileta chai. Zaidi ya yote alipaka ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, na akirudi jioni alikuwa mwekundu tangu nywele hadi kwenye mashuka yangu. Nilimwendea fundi kulalamika, naye akanieleza bila hasira. Rodi ikishikwa na mgeni hunasa kwenye chuma, ikapinda, ikatupwa. Bomba likitobolewa haliuziki, na mwenye geti anangoja Ijumaa. "Mama, mimi siwezi kumfundisha kwa chuma cha mteja," akasema. "Na changu mimi sina."

Kijana akaelewa. Akaanza kutafuta chuma cha kuharibu, akakipata kwangu.

Fundi alimwazima mashine ya kale, iliyosukwa waya na mafundi wa hapa hapa, isiyo na kifuniko upande mmoja, nzito kiasi cha kuletwa kwa mkokoteni. Plagi haikuwa nayo. Kijana alizitia nyaya mbili uchi ndani ya soketi ya jikoni, akazikaza kwa njiti za kiberiti. Mume wangu alisimama mlangoni akitazama hizo njiti, halafu akatazama friji akikumbuka bei yake, halafu akatoka nje. Cheche ya kwanza iliporuka taa zote zilifumba macho, friji ikaguna, na jirani akauliza juu ya ua kama stima zinapotea kwake peke yake.

Alianza na mguu wa jiko, ukashika. Kigoda cha chuma kikashika. Nguzo ya kamba ya nguo ikashika, ingawa iliegemea upande wa Mwea na shati zote zilitelezea huko. Mume wangu, kwa kejeli, akambandika jina la Injinia. Kijana alilipokea kwa mikono miwili.

Usiku mmoja tuliamshwa na mayowe. Injinia alikuwa ameketi kitandani, macho yamevimba, akisema yamejaa mchanga. Kinyago kilikuwa kwenye orodha ya fundi, lakini kaka yangu alikuwa ameamua kingoje malipo ya kahawa, kwa hiyo kijana alichomelea akiwa amevaa miwani ya jua ya mume wangu, ile ya harusini. Mama yetu alitoa agizo kwa simu: vipande vya kiazi kibichi. Jirani alileta majani ya chai. Mume wangu alitaka kwanza kujua miwani iko wapi. Asubuhi kliniki walituambia mwanga wa kuchomelea huunguza ngozi ya jicho jinsi jua kali linavyounguza mgongo, kwamba macho yatapona baada ya siku moja au mbili, na kwamba tununue kinyago. Bili ilizidi bei ya kinyago. Kinyago tulinunua siku hiyo hiyo, kwa hiyo tukalipa vyote viwili.

Sasa tufike kwenye geti.

Bawaba ya geti letu ilikuwa imelegea muda mrefu, mlango mmoja ukikwaruza saruji. Ikapangwa posa ya dada yake Injinia kule Nkubu, na mimi, kwa kuwa ni shangazi, ndimi niliyepewa sufuria kubwa na sahani zote za wageni. Jumamosi tulipakia gari. Jumamosi hiyo hiyo Injinia aliamua kwamba ukoo hautaondoka kwenda kwenye shughuli kubwa kupitia geti linalokwaruza. Alifunga milango yote miwili ili, alivyosema, kazi inyooke. Alichomelea kuanzia alasiri hadi giza, upande mmoja, mstari mrefu mzuri usiokatika. Alipomaliza rodi ya mwisho, tokeni za stima nazo zikaisha. Tulilala gizani, yeye akiwa na furaha.

Asubuhi ufunguo uliingia, ukazunguka, na komeo halikusogea. Fremu ilikuwa imejikunja usiku ikipoa, na mlango mmoja umeukalia mwenzake. Mume wangu alisukuma. Mimi nikasukuma. Gari liko ndani, sahani ziko kwenye gari, na wageni wanatoka Maua.

"Nitakata kwa grainda," akasema Injinia.

"Kwa stima gani?"

Tulinunua tokeni kwa simu. Pesa zilitoka mara moja. Ujumbe wenye nambari za kubonyeza kwenye mita haukuja. Tulikaa tukiitazama simu kwa zamu, Injinia akiwa ameshachukua msumeno wa mkono na kuanza kukata bawaba aliyoichomelea mwenyewe. Hapo tukagundua jambo la kushangaza: ile kazi ilikuwa imara. Msumeno ulichoka, yeye akachoka, bawaba ikabaki.

Niliamua kwenda kwa matatu. Jirani alileta ngazi, nikapanda geti nikiwa na kitenge kipya na kilemba, majirani wa mtaa mzima wakinielekeza pa kuweka mguu, kila mmoja pake. Sahani nilipitishiwa juu ya geti, zile nilizoweza kubeba. Kitenge kilibaki nusu kwenye ncha ya mkuki wa urembo, ambao pia ulikuwa kazi ya Injinia.

Runyenjes, daraja la Thuci, Chuka, Igoji. Nilifika Nkubu miraa ya posa imeshafunguliwa na wazee wameshaanza kutaja asali na mitamba. Wageni walikuwa wakila kwenye majani ya mgomba, na mzee mmoja wa upande wa bwana harusi alikuwa akisifu jinsi ukoo wetu unavyoheshimu mila. Mama alinivuta pembeni, akanifunga leso kiunoni kufunika pale kitenge kilipochanika. Kaka yangu akauliza mwanawe yuko wapi.

"Yuko kazini," nikamjibu.

Sufuria kubwa na mume wangu vilifika wageni wakiagana.

Jumatatu fundi mwenyewe alikuja kutazama. Alilizunguka geti, akacheka mpaka akatafuta pa kukaa. Kisha akamwita Injinia karibu, akamfundisha yale ambayo miezi yote ya kupaka rangi haikumpa nafasi ya kuyasikia: chuma kikipashwa hupanuka, kikipoa hujivuta, na hujivuta kuelekea penye moto mwingi. Kwa hiyo unashikiza kwanza kwa vitone, kona hii halafu kona ya mbali. Unapima kona kwa kona mpaka vipimo vilingane. Unachomelea kidogo huku, kidogo kule, unaacha kipoe. Na geti unalichomelea likiwa wazi. "Sasa ndiyo umeanza kusoma," akamwambia.

Mimi niliingia dukani kwangu, nikafungua daftari la madeni. Nikaandika tokeni, kliniki, kinyago, miwani ya mume wangu, mashuka, rodi, nauli, kitenge, geti. Jumla iliipita ile 30,000 ya fundi. Nikampigia kaka yangu, nikamsomea.

"Lakini hiyo si ada," akasema.

"Basi ni nini?"

Akasema simu yake inaisha chaji.

Tangu hapo nimekuwa nikilisema kila kikao cha ukoo, na sitaacha. Ufundi haujifunziki bila kuharibu. Kuna vyuma ambavyo lazima vipinde na rodi ambazo lazima zinase kabla mkono haujatulia, na hasara hiyo mtu lazima ailipe. Chuoni imo ndani ya ada, na hata ukilia ukiiona, angalau unaiona. Mwajiri aliyesajiliwa hutoa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi kwenye mfuko wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwanda, na akifundisha anaweza kudai gharama zake. Fundi wetu hana karani wa kujaza fomu wala faili ya kuziweka; mfuko wake wa mafunzo ni nyumba za akina shangazi. Watu wanaposema kujifunza kwa fundi ni rahisi kuliko chuo, wanasema tu kwamba bili imepelekwa kwa mtu ambaye hakuulizwa pale chini ya mparachichi. Ningependa kuulizwa. Pengine ningekubali, lakini ningetaja bei yangu, na kinyago kingenunuliwa kwanza.

Injinia ameendelea. Geti jipya alilitengeneza mwenyewe chini ya jicho la fundi, na linafunguka pande zote. Amefanya jaribio la NITA la Grade III, nadharia na vitendo, akapita. Jambo hilo limeleta aibu kidogo kibandani, kwa sababu mwalimu wake, mwenye miaka mingi ya kuchomelea, hana karatasi hata moja. Serikali ilipozindua mwaka 2024 utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, mzee alianza kuuliza maswali, na Injinia ndiye anayemsomea majibu kwenye simu. Kuku wake wawili aliwapokea. Alisema, kwa kuwa mwanafunzi amefaulu, angestahili yule mbuzi.

Wiki iliyopita tuliitwa tena Nkubu. Mdogo wake Injinia, msichana, amemaliza Kidato cha Nne na anataka kusomea ususi wa nywele. Mwalimu alikuja na kalamu. Kaka akauliza kama Embu kuna saluni nzuri. Kabla hajamaliza swali, wanawake wote tuliokuwa chini ya mparachichi tulikuwa tumeshashika vichwa, na mimi nikawaambia waandike kabisa, mbele ya mashahidi, kichwa cha nani kitaanza.