Ng'ombe Aliyekagua Seva

Mwaka 2021 Tanzania Bara ilitimiza miaka 60 ya Uhuru siku ya Alhamisi, na kila mfanyakazi mwenye akili timamu alikwishaitafutia Ijumaa yake sababu. Yangu ilikuwa mjomba anayeumwa, ingawa mjomba mwenyewe alikuwa hajaarifiwa. Nilikuwa nimeshakaa kwenye basi pale stendi ya Mbezi simu ilipoita.

"Kijana, hiki kitu Log4j, sisi tunacho?"

Bosi alikuwa amekisoma kwenye kundi la WhatsApp la wakurugenzi, mahali ambapo kila hatari ya dunia hufika ikiwa imetiwa chumvi. Safari hii chumvi haikuzidi. Log4j ni kipande cha programu ya Java kinachoandika kumbukumbu za yanayotokea kwenye seva, na matoleo yake kuanzia 2.0-beta9 hadi 2.14.1 yalikuwa na tundu baya: mtu akituma maneno fulani, seva ikiyaandika tu, inaweza kwenda kuchukua programu ya mwizi na kuiendesha yenyewe. Wachezaji wa Minecraft walikuwa wakiangushiana seva kwa ujumbe wa soga.

Nikashuka kwenye basi. Nauli haikurudi.

Kwa nadharia, swali la Bosi hujibiwa kabla chai haijapoa. Ipo programu ya Ansible, iliyotungwa na Michael DeHaan mwaka 2012. Unaandika amri kwenye kompyuta yako, yenyewe inaingia seva zote kwa njia salama ya SSH, inauliza, inarudi na majibu. Neno lenyewe lilitungwa kwenye riwaya ya Ursula K. Le Guin ya 1966, ambamo ansible ni chombo cha kuongea na nyota za mbali papo kwa papo. Le Guin hakuwahi kuunganishiwa mtandao wa tawi letu la Kigoma.

Nikabonyeza. Akatokea ng'ombe.

Sitanii. Ansible ikikuta programu iitwayo cowsay kwenye kompyuta, kila hatua ya kazi hutangazwa na ng'ombe wa herufi, mwenye pembe na kiwele, na maneno yakimtoka mdomoni. Aliyeitumia kompyuta ile kabla yangu alikuwa ameiweka. Bosi, aliyekuja ofisini na kaptula, akasimama nyuma yangu akimtazama ng'ombe anasema "Kagua Java".

"Huyu naye tunamlipa?"

Majibu yakaja. Seva arobaini na ushee hazikusema kitu: nafasi ya jibu ilikuwa tupu. Java ya zamani ukiiuliza toleo lake, jibu hulipitisha kwenye njia ya makosa badala ya njia ya majibu, kana kwamba kuulizwa umri ni kutukanwa. Kigoma ikarudi nyekundu: haifikiki. Nikampigia dada wa mapokezi.

"Ile mashine inayovuma? Tuliizima juzi, kaka, tusikie hotuba."

Kwa siku ile ndiyo iliyokuwa seva salama kuliko zote.

Nikabadilisha swali, nikaagiza zisomwe orodha za programu zilizosakinishwa. Hapo kila seva ikajibu kwa heshima: Log4j haipo. Bosi akafurahi, akavaa miwani ya jua. Lakini seva hizi zina adabu ya mgonjwa wa kwetu: unamkuta na dripu mkononi, unamwuliza hali, anasema nzuri tu, mpaka ukae, upewe maji, ndipo uambiwe "ila huu mguu…" Orodha inajua kilichosakinishwa kwa utaratibu wake. Log4j huja imefichwa ndani ya faili la programu nyingine, ambalo nalo limo ndani ya faili jingine. Ilibidi tufungue faili moja moja na kuchungulia. Ikaonekana kwenye mfumo wa mishahara. Ikaonekana kwenye mfumo wa likizo, uliokuwa na habari za mjomba wangu.

Tukaweka Log4j 2.15.0. Watengenezaji wake wakatoa 2.16.0. Kisha 2.17.0, na kabla mwaka haujaisha, 2.17.1. Ng'ombe nikamwacha, alishazoeleka, hata mhudumu wa chai alikuwa akipita kumwangalia.

Huku hayo yakiendelea, Bosi akataka taarifa kwenye Excel, na kwa kuwa tumeshahangaika, iwe ya programu zote. Excel ikiona 3.10 hudhani ni namba ya kawaida, basi sifuri ya mwisho huitupa. Ndivyo lugha ya programu Python 3.10, iliyotoka Oktoba tu, ilivyoingia kikaoni ikiwa 3.1.

Mhasibu mkuu akanyoosha kidole. "Kigoma wana 3.9. Sisi makao makuu tuna 3.1. Kwa nini tuko nyuma ya Kigoma?"

Nikaanza kumweleza kwamba kumi ni kubwa kuliko tisa. Bosi akanikatisha, akaagiza makao makuu yapandishwe hadi 3.9 kabla ya Krismasi.