Simu Isiyo na Waya, Yenye Waya Tano

Anayetaka kupiga simu za intaneti kule Migwani kwa simu ya mezani isiyo na waya, na ahesabu waya kwanza: kitako cha simu, adapta na ruta, kila kimoja na ya stima, kisha mbili za kuviunganisha. Stima ikipotea, vyote kimya; simu ya zamani ya Telkom, tuliyoicheka, ilipata umeme kwenye laini yenyewe. Mtaniambia ni nafuu. Kuliko nini? Tangu 2015 WhatsApp inapiga simu kwa intaneti hiyo hiyo, tena iko mfukoni. Mtasema nyanya hawezi kioo, anataka vitufe. Naam, ila akienda kupalilia ndengu, mawimbi ya kitako yanaishia uani. Mnunulieni kabambe, na mmwekee salio.