Bi Tufani wa Barabara ya 14

Mama mkwe akija kutoka Pangani, hata kabla hajavua viatu anauliza: "Baba Zuhura, yule shetani wenu yupo bado?"

Shetani mwenyewe ni mdoli wa plastiki, urefu shubiri moja. Nilimchomoa kwenye fungu la mitumba pale Mgandini, siku waliyofungua belo, kwa buku mbili. Nywele nyeupe pee, joho jeusi mabegani, macho hayana mboni. Muuzaji alidhani namchukulia mtoto. Nikanyamaza, maana ningesema ni wangu angepandisha bei.

Ni Storm, yaani tufani, wa katuni za X-Men. Jina la nyumbani Ororo Munroe. Len Wein na Dave Cockrum walimtoa mwaka 1975. Baba Mmarekani, mama Mkenya wa ukoo wa kifalme. Utotoni alitembea kwa miguu kutoka Cairo mpaka Serengeti, watu wakamwabudu kwa kuwa mvua anaiita yeye. Halafu vitabu vinasema huko ni Kenya! Serengeti ilihama lini? Sisi tuliokuzwa na jarida la katuni la Sani, na akina Lodi Lofa na Pimbi wake wasioweza kuruka hata mtaro, tumempata shujaa mmoja wa kuruka angani, naye kaandikwa kwa jirani.

Basi nikaanza kukusanya. Sasa ninao kumi na mmoja, pamoja na kurasa za katuni nilizobandika ndani ya mlango wa kabati. Yupo Wonder Woman, shujaa wa tangu 1941; huyu wangu hana kichwa, lakini kamba yake ya kumfanya mtu aseme kweli ipo. Aliyembuni, William Moulton Marston, alikuwa mwanasaikolojia aliyetafiti namna ya kumnasa mwongo kwa shinikizo la damu. Mke wangu aliposikia hilo aliichukua ile kamba, akanizungushia kidole na kuuliza hela ya gesi imekwenda wapi. Sikucheka.

Mwanangu wa kiume naye alimpeleka Storm kuogelea Raskazone. Skrubu za mgongoni zimeota kutu, mkono haupandi tena. Shujaa wa mvua, kauawa na maji ya chumvi!

Mama mkwe hataki kusikia historia. "Nyumba yenye sanamu malaika hawaingii." Hapo sina jibu. Mke wangu akasuluhisha: midoli yote kabatini, na Storm avishwe kipande cha kanga, kwa kuwa vazi alilokuja nalo mama alilihesabu nguo ya ndani. Tena atazame ukutani.

Masika yaliyopita ilinyesha siku tatu bila kupumua. Barabara yetu ikawa mto, maji yakapanda barazani, yakaingia ukumbini, ndala zikaanza safari. Mama mkwe, aliyekuja kwa siku mbili akakwama wiki, alikuwa juu ya kitanda, miguu kaikunja, tasbihi mkononi. Akatazama kabati muda mrefu. Kisha akaninong'oneza, binti yake asisikie:

"Baba Zuhura, mwambie huyo wako basi. Tumeshamwelewa."