Wewe Si Uko Chuo?

Wiki ya kwanza chuoni tulikusanywa ukumbini, na mhadhiri mmoja mwenye tai nyekundu akatuagiza kila mtu aandike malengo yake ya miaka minne, ayabandike mahali atakapoyaona kila asubuhi. Nikaandika matano: digrii ya daraja la kwanza, mafunzo kazini katika ofisi yenye lifti, marafiki wa maana, Kifaransa, na kuamka saa kumi na moja alfajiri. Nikayabandika kwa shangazi, Makina, Kibera, ukuta wa jikoni. Haikuisha mwezi, Kifaransa kikamezwa na mafuta ya chapati.

Lakini mhadhiri hakutuambia kwamba ukitoka mtaani kwenda chuo, mtaa mzima umesajiliwa pamoja nawe. Wanubi, askari wa zamani wa mkoloni, ndio walioupa mtaa wetu jina la Kibra, yaani msitu, na habari humo bado husambaa kama moto wa msituni. Nilikuwa nasomea sosholojia. Hilo halikumhusu mtu. "Wewe si uko chuo?" Kwa maneno hayo manne nimesomeshwa mwandiko wa daktari, nimeandika barua kwa chifu kuhusu mbuzi, na nimefungua redio ambayo mpaka leo haijafungika.

Zilizonimaliza ni fomu za mkopo. HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, ipo tangu 1995, lakini kwa wazazi wa Makina ofisi yake ilikuwa kibaraza cha shangazi. Fomu ilitaka wadhamini wawili. Ikafika mahali muuza nyama wetu akiniona anainama nyuma ya mizani, maana simu yangu ilikuwa na picha nyingi za kitambulisho chake kuliko zangu mwenyewe.

Mwaka wa tatu nikatorokea Kawangware, kwa binamu yangu pale Gatina. Huko, nilijiambia, hakuna anayenijua. Jioni ya kwanza nikasimama mbele ya kioo kufanya mazoezi ya mahojiano. "Mimi nilizaliwa katika familia ya..."

Upande wa pili wa mabati mtu akakohoa. "Kijana, usianze na kuzaliwa. Hao watu hawana wakati."

Alikuwa fundi wa mabomba. Tangu siku hiyo tukawa na madarasa ya jioni: mimi namsomea majibu yangu ukutani, yeye anayakosoa, kisha anamgeukia mwanagenzi wake kumfundisha kuzibua choo bila kukurupuka. Yote nilikuwa nayasikia. Ungefanyaje na mabati?

Siku ya mahojiano ilikuwa Aprili, na mvua ya Aprili mnaijua. Suti na viatu nilivinunua soko la Toi, ambako muuzaji huning'iniza mguu mmoja wa kiatu na kuuficha wa pili, kwa sababu hakuna mwizi mwenye haja na mguu mmoja. Jirani akaniazima gambuti zake. Viatu nikavitia kwenye mfuko wa karatasi, kwani mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, nikadandia matatu namba 46. Nashuka mjini, mfuko umelowa, chini umepasuka, na ndani kumebaki mguu wa kulia. Wa kushoto sijui aliuokota nani, ila namhurumia.

Ofisi ilikuwa na lifti kweli. Dada wa mapokezi akanitazama usoni, akashuka kwenye tai, akafika miguuni, ambako jirani, kwa kuogopa wezi wa mjengo, alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe: FUNDI.

"Afadhali umefika! Choo cha orofa ya tatu."

Shangazi alinilea nisimkatize mtu anapozungumza, na yule dada hakunyamaza mpaka nikajikuta mlangoni mwa choo nimeshika mpira wa kuzibulia. Nikawaza nimwite nimweleze. Kisha nikakumbuka sauti ya ukutani: sukuma polepole, vuta kwa nguvu, usikasirike. Baada ya dakika ishirini maji yakateremka yakiimba, na kusema kweli sijawahi kujivunia insha yoyote kiasi kile.

Niliingia kwenye mahojiano nimechelewa, nikinuka sabuni. Watatu walikuwa wamekaa. Mzee wa katikati akanikodolea macho. "Si wewe ulikuwa chooni sasa hivi? Hebu jieleze."

Nisianze na kuzaliwa. Nikaanza na choo.

Wiki mbili baadaye simu ikaita tukiwa tunakula githeri. Sauti ilikuwa ya yule dada. Nikampungia binamu mkono azime redio. Upande wa pili wa mabati, nyundo nayo ikanyamaza.

"Habari yako. Tunakupigia kuhusu ile orofa ya tatu. Imeziba tena."

Kabla sijafungua mdomo, ukuta ukajibu: "Mwambie elfu mbili, na nauli!"