Mshauri wa Nyumba: Maji ya Mavyaa

Barua zilizotufikia mwezi huu, ambazo tulitaraji zitake shauri juu ya ndoa, mirathi na madeni, kama ilivyo ada ya safu hii, zimekuja kwa wingi kulalamikia mmea mmoja tu: ule mmea wa kutambaa, wenye majani ya umbo la moyo yaliyopakwa mabaka ya dhahabu, ambao wauza maua huuita pothosi na wataalamu huuandika Epipremnum aureum, na ambao leo waning'inia katika roshani za Unguja na madirisha ya ghorofa za Mombasa, ingawa asili yake ni kisiwa cha Mo'orea, mbali kabisa katika Bahari ya Pasifiki. Baada ya kuzisoma barua hizo kwa taadhima, imetudhihirikia kwamba mmea wenyewe hauna malalamiko. Wenye adha ni watu wanaokaa nao, na hao ndio tutakaowajibu.

*Bwana Mshauri, shikamoo. Mmea niliopewa na mavyaa siku nilipoingia nyumba hii unapiga manjano jani baada ya jani, ijapokuwa naunywesha asubuhi na jioni. Mavyaa akija hunitazama mimi, kisha huutazama mmea, kisha husema "Alhamdulillahi" kwa sauti ninayoielewa. Nifanyeje? — Mkaza Mwana, Tanga.*

Marahaba, mwanangu. Tumezoea kusikia wakaza wana wakishutumiwa kwa uchoyo, na kwa hivyo ni faraja kwetu kukutana na mmoja aliyekosea kwa ukarimu. Mizizi huhitaji hewa, na hewa hiyo huipata katika vipenyo vilivyo baina ya chembe za udongo. Vipenyo hivyo vikijaa maji asubuhi, na kabla havijakauka vikajazwa tena jioni, mizizi husongwa, huoza, na ikisha kuoza haiwezi tena kupandisha maji, hata jani likanyauka kwa kiu ilhali limesimama juu ya ziwa. Na mwenye nyumba, akiliona limenyauka, huingiwa na huruma akaongeza maji.

Aidha twashuku, na haya twayasema bila ya kumtia mtu dhambini, kwamba hunyweshi peke yako. Mume arudipo kutoka msikitini, akaliona kopo la mmea mlangoni, naye hudhani hakuna aliyelikumbuka. Na mavyaa mwenyewe, ambaye hajapata kuingia nyumba ya mwanawe pasi na kusahihisha jambo, hatukosei tukisema kwamba humimina bilauri moja wewe ukiwa jikoni. Mmea unaopendwa na watu watatu wasioambizana hauna maisha marefu.

Basi litazame kwanza hilo kopo. Ikiwa ni kopo la samli lisilotobolewa chini, tafuta msumari ulitoboe leo hii. Utoe mmea, ukague mizizi: iliyo myeupe na migumu iache, iliyo ya kahawia, yenye kuteleza na kunuka, ikate bila ya majonzi. Uupande upya katika udongo uliochanganywa na mchanga na usumba wa nazi, ili maji yapite yasikae. Kisha usinyweshe kwa saa wala kwa siku, bali kwa kidole: chomeka kidole cha shahada udongoni mpaka pingili ya pili, na kikitoka na unyevu, ondoka uende ukafanye kazi nyingine. Wakati wa masika utashangaa siku zitakavyopita pasi na haja ya maji. Wakati wa kaskazi utarudi upesi zaidi. Na mavyaa akija, mpe yeye heshima ya kuchomeka kidole, ili hukumu itoke kwake.

*Bwana Mshauri, jirani yangu aliusifu mmea wangu kwa dhahabu yake wala hakusema mashaallah. Siku ile ile niliuficha ukumbini nyuma ya kabati, lakini nilikwisha kuchelewa: tangu hapo kila jani linalochipuka ni kijani kitupu. Kuna dawa ya kijicho cha namna hii? — Mtazamwa, Mombasa.*

Hatukanushi kuwapo kwa kijicho, kwani kimetajwa na wakubwa kuliko sisi; lakini katika kesi hii mshitakiwa ni kabati. Jani hujitengenezea chakula kwa nuru, na kazi hiyo hufanywa na ile rangi ya kijani. Pale palipo na baka la dhahabu, kijani ni haba, na kwa hivyo baka ni anasa ambayo mmea waweza kuimudu ukiwa na nuru ya kutosha tu. Ukiutia gizani, hufanya kama afanyavyo mtu mwenye akili mshahara upunguapo: huacha mapambo, akatafuta chakula.

Urudishe karibu na dirisha la mashariki, upate jua la asubuhi, lakini uepushe na jua la adhuhuri, ambalo huyababua majani. Majani yaliyokwisha kutoka ya kijani hayatarejea dhahabu; kwa hivyo ukate shina linalotambaa juu kidogo ya jani la mwisho lenye mabaka, na chipukizi litakalozuka hapo latarajiwa kufuata nasaba hiyo. Vipande vilivyokatwa usivitupe. Kila kipande chenye kifundo, yaani pale jani liliposhikia shina na kijizizi kinapochungulia, kikitiwa katika bilauri ya maji yanayobadilishwa kila juma kitatoa mizizi. Jani tupu lisilo na kifundo, hata likimea mizizi, halitakuwa mmea aushi. Mpelekee jirani kimoja. Akishakuwa na wake atautazama huo.

*Shikamoo. Mchumba wangu ameahidi kuleta posa siku mmea wake wa kutambaa utakapotoa ua la kwanza. Nangoja tangu mwaka juzi. Je, mbolea gani itafaa? — Mstahimilivu, Dar es Salaam.*

Marahaba, mwanangu, na pole. Mbolea haihitajiwi na mmea. Mmea huu ulipoandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1880, wataalamu hawakuwa na ua la kuwaongoza, wakauhamisha kutoka jina hadi jina, na ukafika mwaka 1964 ndipo G. S. Bunting akaupa jina ulilonalo hivi sasa, baada ya ua lake kupatikana hatimaye. Na mwaka 2016 ilichapishwa sababu ya ukaidi huo: mmea hauwezi kujitengenezea vya kutosha kile kichocheo kiitwacho jibereli, ambacho bila ya hicho ua halianzi, na watafiti walipounyunyizia kichocheo hicho ulichanua. Hivyo mchumba wako ama hajui elimu ya mimea hata chembe, na huyo husameheka, ama aijua barabara. Muulize, mbele ya wifi zako, aliisoma wapi habari ya ua hilo. Asipoleta posa mwezi huu, mtu mwingine apewe nafasi.

*Bwana Mshauri, mbuzi wa jirani aliingia barazani akala nusu ya mmea wangu. Nidai kiasi gani? — Mdai Haki, Pemba.*

Mbuzi amekwisha kulipa. Majani yale yamejaa fuwele za kalsiamu okzaleti, zilizochongoka kama sindano, na ni hizo hizo ziwashazo koo la mtu alaye magimbi yasiyoiva, kwani mimea hiyo miwili ni ya ukoo mmoja. Mtoto mdogo au paka akitafuna, mdomo huwaka na kuvimba, mate yakamtiririka: mfute kinywa, mpe maji baridi, na uvimbe ukifika kooni au pumzi ikawa nzito, ni hospitali bila ya kuchelewa. Uning'inize mmea juu, mbali na watoto. Ama dai lako, tunakusihi uliache, kwani jirani akipeleka yeye dai la mdomo wa mbuzi, sisi hatutakuwa mashahidi wako.