Matrekta Kuukuu Saba ya Thika na Ruiru, Kutoka Mkia Hadi Kichwa

Kabla hamjaanza kurushiana maneno, sheria za mchezo ni hizi. Trekta lolote humu ni dogo, lisilozidi nguvu farasi 50, na mengi yamemzidi dereva wake umri. Sikuangalia rangi, wala babu wa nani alilinunua kwa mzungu wa kahawa. Niliangalia mambo mawili.

La kwanza: likizimika Jumanne katikati ya shamba kule Juja Farm, litanguruma tena kabla ya Ijumaa? Yaani fundi yupo, na spea iko Thika mjini, au ikizidi sana iko Barabara ya Kirinyaga pale Nairobi, ambayo wazee hadi leo huiita Grogan.

La pili: upana. Kahawa ya zamani ilipandwa futi 9 kwa 9, yaani mita 2.74 kila upande, na trekta dogo lilipita na pampu ya dawa nyuma bila kuvunja tawi. Mwaka 1985 watafiti wa kahawa pale pale Ruiru wakatoa Ruiru 11, aina fupi inayostahimili chulebuni na kutu ya majani, ya kupandwa mita 2 kwa 2. Hekta moja iliyobeba miti 1,330 sasa inabeba 2,500. Mkulima alishangilia. Dereva wa trekta hakualikwa kwenye sherehe.

Haya, tuanzie mkiani.

7. Ferguson TE20, ile ya kijivu

Mzee wetu, shikamoo. Alitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956, zaidi ya laki tano. Ndiye aliyeueneza duniani mfumo wa Harry Ferguson wa mikono mitatu ya kubebea plau, na kila trekta lililo juu yake hapa linautumia mfumo huo. Mwaka 1958 Edmund Hillary alifika Ncha ya Kusini akiendesha Ferguson hizi kwenye barafu. Lakini Hillary hakuwa na trela la mawe ya Ndarugo nyuma yake.

Hukumu: ipake rangi, iegeshe langoni, itoe siku ya harusi. Ncha ya Kusini ilifika. Witeithie na mzigo, sina hakika.

6. Massey Ferguson 35 ya silinda nne

Muuzaji atakuambia, "Mzee, hii ina silinda nne, zile nyingine ni tatu tu." Msikilize kwa adabu, kisha ushike njia. Dizeli za kwanza za 35 zilikuwa na injini ya Standard iitwayo 23C, na ugonjwa wake unajulikana kote duniani: haipendi kuwaka kukiwa na baridi. Sasa fikiria Ruiru, Julai, saa kumi na mbili asubuhi, ukungu umelala juu ya kahawa. Kiwanda chenyewe kilichoka nayo, na kuanzia 1959 kikaweka Perkins ya silinda tatu. Hiyo ya silinda tatu ni trekta lingine kabisa, na ukiipata sina neno.

Hukumu: inunue kama nyumba yako iko juu ya kilima.

5. Fordson Dexta

Ya 1957 hadi 1964, nguvu farasi 32, silinda tatu zenye damu ya Perkins. Ndogo, nyembamba, haina maringo. Siri yake iko kwenye pampu ya Simms: ina oili yake peke yake, na dizeli huvuja humo polepole ikaizimua. Anayeikagua mara kwa mara huishi nayo vizuri. Asiyejua kwamba oili hiyo ipo hujulishwa na fundi wa pampu, pamoja na bili.

Hukumu: trekta la mtu mtulivu. Kimbo ina watu watulivu wangapi?

4. Wajapani wadogo: Kubota, Yanmar, Iseki

Hapa ndipo mtaanza kunirushia mawe. Yanakuja yakiwa yametumika Japani, mengi ya nguvu farasi 15 hadi 30, magurudumu yote manne yanavuta, na nyuma kuna rotaveta inayosaga udongo mwekundu ukalainika ukawa tayari kwa miche ya sukuma. Kwenye mistari ya mita 2 ndiyo yenye nafasi ya kupita. Kwa robo ekari, kwa kitalu, kwa banda la nyanya, hakuna wa kuyagusa.

Kisha beringi inakufa. Modeli nyingi zilitengenezwa kwa soko la Japani peke yake, na namba zake hazimo kwenye kitabu cha muuza spea wa hapa. Fundi anaifunga beringi iliyokufa kwenye gazeti, anapanda matatu hadi mjini, anazunguka nayo duka hadi duka akilinganisha kwa macho. Maandishi ya kwenye leva nayo ni ya Kijapani, kwa hiyo dereva mpya hujifunza gia kwa kuomba Mungu. Na ukiipeleka kwenye udongo mweusi wa Juja uliokauka ukapasuka, rotaveta itaruka juu yake na kukutikisa meno.

Hukumu: ina umbo la Ruiru 11, haina spea za Ruiru.

3. Massey Ferguson 240

Ilianza 1979, na kwa miaka mingi imetengenezwa Lahore, Pakistani, na kampuni ya Millat. Injini ni Perkins ile ile ya silinda tatu iliyo ndani ya bingwa wetu. Inafanya kila kitu vizuri. Mbona basi iko ya tatu? Kwa sababu wenye nazo wanajua thamani yake, na bei wanazotaja mtu huzisikia akiwa ameketi.

Hukumu: ukipewa urithi, usigombane na ndugu zako. Wape shamba, chukua trekta.

2. Ford 3000

Watu wa bluu, tulieni, nakuja kwenu kwa heshima. Ilitoka kiwanda cha Basildon, Uingereza, 1965 hadi 1975, silinda tatu, lita 2.9, karibu nguvu farasi 47. Kwa kuvuta, inaishinda namba moja, na nitasema hivyo hata mbele ya mafundi wa Massey. Na siku hizi kuvuta ndiko kwenye kazi. Mashamba ya kahawa ya Ruiru yanageuka ploti. Tatu City yenyewe imejengwa kwenye lililokuwa shamba la kahawa. Trekta lililopiga dawa miaka ishirini sasa linapeleka tangi la maji na mawe kwa wanaojenga. Mpe Ford trela, utaona mabega yake.

Shida inakuja siku ya kufungua injini. Perkins ina slivu: fundi anazitoa zilizolika, anaingiza nyingine, na bloki inaendelea na maisha. Ford ilitoka kiwandani pistoni zikisugua bloki yenyewe. Ikilika, bloki nzima inabebwa kwenda kuchongwa kwa mashine, na kila mara inapochongwa chuma kinapungua, hadi siku nayo itakapolazimika kutiwa slivu. Pia ukikutana na ile yenye gia za Select-O-Speed, za kubadilisha bila klachi, mpongeze mwenyewe na umwachie mwenyewe.

Hukumu: misuli ya bingwa, hospitali ya mbali.

1. Massey Ferguson 135

Ndiyo. Piga kelele, kisha usome.

Ilitengenezwa kuanzia 1964 hadi 1975: Perkins ya lita 2.5, nguvu farasi 45. Haiongozi kwa nguvu, kwa starehe wala kwa wembamba. Inaongoza kwa sababu haikuachwa yatima. India na Pakistani ziliendelea kutengeneza ndugu zake kwa miongo, kwa hiyo slivu, ringi, gasketi na klachi za trekta la 1968 unazipata leo zikiwa mpya ndani ya boksi. Na karibu kila fundi wa makamo kati ya Makongeni na Githurai amewahi kuifungua.

Tazama dizeli inapoisha kwenye tangi, hewa ikaingia kwenye paipu. Fundi analegeza skrubu ya juu ya filta na kupampu kwa kile kijiti cha ubavuni. Povu jeupe linatoka, linapungua, linakuwa dizeli safi isiyo na kiputo. Anakaza. Anahamia skrubu za pampu ya CAV, mchezo ule ule. Mwisho analegeza nati za paipu za nozeli, anakupigia kelele uguse stata, dizeli inatema tsi, tsi, naye anakaza moja baada ya nyingine injini ikikohoa hadi inashika. Hakuna kompyuta wala simu ya kupigwa ng'ambo. Ila leteni spana za inchi. Za milimita zitawalia nati.

Kuivisha: udongo mwekundu, plau ya diski tatu. Udongo mweusi, diski mbili, usibishane nao. Jaza maji kwenye matairi ya nyuma ili yashike chini.

Sasa sikilizeni, hili nalisema bila mzaha. Nyingi zina Multi-Power, swichi ya kupandisha na kushusha mwendo bila klachi. Ikiwa chini, injini haizuii magurudumu kwenye mteremko. Trekta linajiachia lenyewe. Ukishuka kuelekea mto Chania na trela la mawe, weka juu kabla hujaanza kushuka, na unganisha pedali mbili za breki ziwe moja. Trela lifungwe kwenye kiungo cha chini, kamwe si kwenye mkono wa juu, maana trekta hupinduka kinyumenyume kabla mtu hajafikia klachi. Na kile kifuniko cha shafti ya PTO mnachokitupa ili kazi iende haraka, kirudisheni. Shafti ile huzunguka mara 540 kwa dakika, na haitofautishi koti na mkono.

Hukumu: bingwa, na haikuwa karibu.

Mwenye Ford aliyekasirika, mlango uko wazi. Njoo na trekta lako, trela lenye mzigo, na fundi wako. Mimi nitakuja na 135. Tukutane Juja, katikati ya njia, na atakayewaka wa kwanza asubuhi ya Julai asinunue chai.