Mwezi Mmoja wa Grinda

Mjumbe wa nyumba kumi alifika Jumapili saa nane mchana, kofia mkononi. Hodi hakupiga, maana nani angemsikia. Alisimama kwenye kona ya uwanja akingoja grinda inyamaze, cheche zikarukia kandambili zake, akazikung'uta, akangoja tena. Fundi alipovua miwani ikawa shikamoo, marahaba, kisha swali: wiki ya tatu hii, majirani wamenituma, mnatengeneza nini hapa?

"Kompyuta isiyo na kelele, mzee."

Mjumbe alitazama grinda. Akatazama kasha la chuma lililolala chali juu ya benchi. Akarudi kutazama grinda. Kisha akavaa kofia yake na kuondoka bila kuaga.

Fundi huyo wa kujitakia ndiye mwandishi wa makala haya, mkazi wa Temeke, na kwa heshima ya majirani ataendelea kujiita mwandishi tu.

Kisa kilianzia chumbani. Mwandishi hufanya kazi usiku, na ofisi yake ni meza iliyobanwa kati ya kabati na kitanda ambacho mama watoto anajaribu kulalia. Kompyuta aliyokuwa nayo ilikuwa ya mtumba, moja ya zile zilizostaafu katika ofisi za Ulaya zikaja kuanza maisha mapya Kariakoo. Ilifanya kazi vizuri, ila ilikuwa na feni ya milimita 80 iliyolia kuanzia kompyuta inapowashwa hadi inapozimwa. Usiku mmoja mama watoto aligeuka ukutani akauliza, "Baba watoto, hiyo mashine inasaga nini usiku kucha, mbona unga hatuuoni?"

Swali lile lilimuuma, akaanza kusoma habari za feni. Alichokikuta kilikuwa kitamu kuliko alivyotarajia. Feni ndogo lazima izunguke mbio ili isukume hewa ya kutosha, na kelele hutokana zaidi na hizo mbio. Ukiongeza kipenyo mara mbili bila kugusa kasi, hewa inayosukumwa huongezeka karibu mara nane. Upande wa pili, ukipunguza kasi ya feni ileile hadi nusu, kelele hushuka kwa takriban desibeli 15, na sikio la mtu huhisi desibeli 10 kama sauti iliyopungua nusu. Kwa hiyo dawa ni feni pana inayozunguka polepole. Kila mwenye pangaboi darini anaijua siri hiyo, ila hajawahi kuipigia hesabu.

Kasha jipya lenye feni pana linauzwa madukani. Hilo mwandishi aliambiwa na kila mtu, akiwemo mtoto wake wa darasa la nne. Lakini siku moja alipita kwa wauza chuma chakavu Tandika, akaliona.

Lilikuwa kasha refu la miaka ya 1990, rangi ya maziwa iliyogeuka kuwa ya chai ya maziwa. Mtaani kasha zima huitwa sipiyu, jina ambalo kwa haki ni la kipande kinachotosha kiganjani, lakini hilo la Tandika lilistahili cheo chochote. Chuma chake kilikuwa kinene, cha zama ambazo watengenezaji hawakuwa wamejifunza kubana matumizi. Usoni lilikuwa na kitufe kikubwa cha kuwashia, kidogo cha kuanzisha upya, kingine kilichoandikwa "Turbo", na dirisha dogo la tarakimu mbili. Muuzaji alilipima kwa kilo, pamoja na uchafu wake.

Hicho kitufe cha Turbo kinastahili maelezo, kwa sababu ni mojawapo ya utani mkubwa katika historia ya kompyuta. Hakikuongeza kasi yoyote. Kilikuwepo ili kuipunguza, kwa kuwa michezo ya zamani ilitegemea mwendo wa prosesa, na ikichezwa kwenye mashine mpya kila kitu kilikimbia kama filamu iliyoharakishwa. Zile tarakimu nazo, 66 kwa mashine ya megahezi 66, hazikupima kitu. Fundi wa kiwandani alipanga vipini vidogo nyuma ya dirisha, ikasoma alichotaka yeye. Angetaka isome 99, ingesoma 99.

Mwandishi alilipenda palepale.

Tatizo la kwanza lilimngoja nyuma ya kasha. Mazabodi za leo hufuata kiwango cha ATX ambacho Intel ilikitangaza mwaka 1995, nacho kinadai tundu la mstatili mgongoni, milimita 158.75 kwa 44.45, ili soketi zote zichungulie nje. Kasha hili ni la kiwango kilichotangulia, cha AT, ambacho kilidai tundu moja tu la duara la kibodi, basi. Mwandishi aliazima grinda. Akachora mstatili kwenye karatasi akiwa anatazama kasha kwa ndani, akaibandika karatasi kwa nje, akakata.

Tundu lilitoka zuri. Kingo zimenyooka, pembe zimekaa. Lilikuwa upande usio wake.

Wiki iliyofuata kasha lilipanda daladala kwenda Gerezani, mapajani mwa mwandishi, na konda akalitoza nauli. Fundi wa kuchomelea alilizungusha mara mbili, akatia kidole kwenye lile tundu kama daktari anayechunguza jino. "Bosi, hili nani kakukatia?" Mwandishi akajibu kwamba ni fundi mmoja wa huko kwao, hana maana. Wakakubaliana: mgongo wote uondolewe, na mahali pake papigwe ribiti mgongo wa kompyuta ya ofisi iliyokufa, uliokwisha kuwa na tundu la kiwandani. Kazi ilichukua muda wa kunywa chai na chapati mbili.

Kasha liliporudi, kazi ya kukata ilibaki moja, na mtu mwenye akili angemwachia fundi yuleyule. Ilitakiwa njia ya kupitisha feni ya milimita 120 upande wa mbele. Msumeno wa duara wa ukubwa huo mwandishi hakuwa nao, akatumia kopo la maziwa ya unga kuchorea duara. Kopo lilikuwa lile kubwa la familia. Matundu ya skrubu kwenye feni ya milimita 120 huachana kwa milimita 105, na tundu alilolikata lilikuwa pana kiasi kwamba skrubu zote nne zingekaa hewani. Hiyo ndiyo Jumapili aliyofika mjumbe.

Hapo ndipo bahati ilipomwonea huruma. Kwa kukosa pa kufungia, alikata ukanda wa tyubu ya baiskeli, akatengeneza mipira minne ya manati, akaining'iniza feni katikati ya tundu kama buibui kwenye utando. Ilipowashwa, ule mlio mzito wa bati haukuwepo. Feni iliyofungwa kwa skrubu hutikisa kasha, na bati pana hugeuka ngozi ya ngoma. Mpira humeza mtikisiko kabla haujafika kwenye bati. Wapenda ukimya wa nchi nyingine hununua vishikizo vya mpira vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Mwandishi alivipata kwa kukosea vipimo, na kwa gharama ya tyubu ambayo mwenye baiskeli, mtoto wa darasa la nne, anaendelea kuidai.

Mafanikio yakamlewesha. Hadidiski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika ni mara 120 kwa sekunde, nayo huimba kwa sauti hiyohiyo nzito. Ikaning'inizwa kwa manati vilevile. Ilikaa kimya siku tisa. Siku ya kumi mpira ulilegea kwa joto, diski ikashuka hadi kugusa sakafu ya kasha, na saa saba usiku chumba kikasikia mtu anabisha hodi, ko, ko, ko, kutoka ndani ya kompyuta. Mama watoto alisoma Ayatul Kursi. Asubuhi mwandishi alinunua SSD, ambayo haina kinachozunguka, na suala hilo likafungwa kwa fedha, kama ambavyo lingefungwa mwanzoni.

Kisha trei za mayai. Studio nyingi za mtaani zimebandikwa trei ukutani, kwa hiyo mwandishi naye alizibandika ndani ya kasha, tatu upande mmoja na mbili upande wa pili. Ukweli ni kwamba karatasi nyepesi haizuii sauti kupita. Kinachozuia ni uzito, na kinachotuliza bati ni kitu kizito kilichogandana nalo, kama zile shiti za lami wanazobandika ndani ya milango ya magari. Trei zilichofanya ni kuziba njia ya hewa na kuwakaribisha mende, ambao walipata nyumba yenye vyumba thelathini vya kujitegemea kwa kila trei, joto la bure, na ulinzi wa saa 24. Walipofukuzwa waliondoka shingo upande.

Umeme nao ulikuwa na zamu yake. Ipo mbinu ya zamani ya kupoza mbio za feni: badala ya kuipa volti 12, waya wake mmoja unaunganishwa kwenye volti 12 na mwingine kwenye volti 5, feni ikaona tofauti, yaani volti 7. Ni hesabu ya kutoa ya darasa la pili inayofanywa kwa koleo, na mafundi makini hawaipendi, kwa kuwa feni ikipiga shoti volti 12 zinaweza kuingia kwenye njia ya 5. Mwandishi aliipenda sana. Kwa kupitia kile kitufe cha Turbo aliunganisha yote mawili: kikibonyezwa, feni inapata volti 12 na dirisha linasoma 66; kikiachiwa, volti 7 na dirisha linasoma 33. Baada ya miaka thelathini kitufe kile hatimaye kiliongeza kasi ya kitu. Kazi hiyo ilikula wikendi mbili za solda na vidole vilivyoungua, na ilipokamilika ndipo alipofungua mipangilio ya mazabodi na kukuta ukurasa mzima wa kupunguza kasi ya feni, unaotumika kwa kubonyeza vitufe viwili vya kibodi. Aliufunga ukurasa huo haraka.

Ikabaki kuiwasha kwa kitufe chake chenyewe, si kwa kugusisha nyaya kama ilivyokuwa hadi hapo.

Alibonyeza kile kitufe kikubwa cha mbele. Feni ikaamka, taa zikawaka, skrini ikaanza kuonyesha nembo, moyo ukajaa. Kisha giza. Akabonyeza tena, hakuna. Akabonyeza tena: ikawaka, ikahesabu sekunde nne, ikafa. Usiku ule alitoa ramu akairudisha, akabadilisha pawasaplai, akaondoa kipoza joto akakipaka pesti upya, akaulaumu umeme wa mtaa, akalilaumu kopo la maziwa. Siku ya pili aliazima mazabodi ya rafiki. Nayo ilikufa baada ya sekunde nne, na rafiki akawahi kuichukua.

Mtoto wa darasa la nne ndiye aliyetatua, akiwa amekuja kudai tyubu. "Baba, mbona hicho kitufe kimezama, hakirudi?"

Kumbe. Kwenye makasha ya AT, kitufe cha mbele kilikuwa swichi ya umeme wenyewe, kama ya taa ya ukutani: ukikibonyeza kinazama na kubaki chini. Nyaya nne nene, ya kahawia, ya buluu, nyeusi na nyeupe, zilipitisha umeme wa ukutani hadi usoni mwa kompyuta, jambo ambalo leo lingemtisha mtu yeyote mwenye watoto. Pawasaplai ile ya zamani na nyaya zake mwandishi alikwisha kuzitupa, swichi akaibakiza kwa uzuri wake. Lakini mazabodi ya ATX inataka kuguswa tu na kuachiwa. Ikiona kitufe kimeshikiliwa kwa sekunde nne, inaamini mwenye nyumba anataka izimwe kwa lazima. Mashine ilikuwa inatii amri wakati wote.

Kitufe kidogo cha kuanzisha upya ndicho hurudi kikiachiwa, basi nyaya zikahamishiwa huko. Hivi leo kompyuta hiyo huwashwa kwa kubonyeza "Reset", na kitufe kikubwa cha "Power" hakifanyi lolote, kama baadhi ya vyeo.

Na ilikuwa kimya. Mwandishi aliweka sikio kwenye bati, akaweka karatasi ya chooni mbele ya feni ili ahakikishe hewa inapita, karatasi ikapepea. Sifa za mtaani hazikumfikia jinsi alivyotarajia. Wageni waliona sanduku la zamani lenye namba 33, na kwa kuwa ilikuwa Januari, Dar es Salaam, kila aliyeingia alilitazama, akajifuta jasho na kukubali kwamba namba ni sahihi. Mama mkwe alikuja siku ambayo Turbo ilikuwa imebonyezwa. Alisoma 66, akachukua mkeka akaenda kukaa barazani.

Jumamosi moja mwandishi alikuwa amefika ukurasa wa nne wa makala haya, akatoka kwenda kununua vocha. Aliporudi alikuta pasi imechomekwa, sare za shule zinanyooshwa, na dirisha la tarakimu ni jeusi.

"Nimechomoa kile kipimajoto chako," mama watoto alisema. "Ile kompyuta umeipeleka wapi?"

Usiku aliandika upya kutoka kichwani. Hakuna feni iliyosikika, hakuna diski, hakuna mende. Ndipo alipogundua kwamba pangaboi la chumbani, ambalo kwa miaka sita lilifunikwa na kelele ya kompyuta, linalia kwi kila linapomaliza mzunguko. Kwi. Kwi. Asubuhi alikwenda kwa mjumbe kuazima ngazi. Mjumbe alitoa kichwa dirishani, akaangalia kwanza mikono yake.

"Grinda iko wapi?" aliuliza.